Testosteroni na uzee kwa wanaume

Testosteroni ni homoni kuu ya kiume, inayotengenezwa hasa na seli za Leydig ndani ya korodani. Haipothalamasi iliyo ubongoni hutoa homoni ya GnRH kwa vipindi. Hiyo huichochea tezi ya pituitari kumwaga homoni ya LH kwenye damu, nayo LH huziamsha korodani. Testosteroni ikitosha, haipothalamasi na pituitari hupunguza kichocheo hicho.

Kuanzia umri wa miaka 30 hadi 40, testosteroni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Sehemu iliyo huru hushuka kwa kasi zaidi, kwa kuwa protini ya SHBG inayoishikilia huongezeka kadiri umri unavyosonga. Seli za Leydig huitikia LH kwa udhaifu, hivyo pituitari huiongeza, hasa baada ya miaka 70. Unene uliokithiri nao hushusha testosteroni, lakini LH haipandi. Kupunguza uzito huweza kuirejesha kiasi.

Kipimo cha damu huchukuliwa asubuhi, homoni ikiwa juu, na hurudiwa siku nyingine kabla ya kuthibitisha upungufu. Tofauti na ukomo wa hedhi, mabadiliko haya huja polepole, na wanaume wengi hubaki na kiwango cha kawaida hadi uzeeni.