Kichocho cha Mwanamke: Ugonjwa wa Maji Uliobebeshwa Aibu ya Zinaa

Historia ya ugonjwa huonyesha pia ni nani alichunguzwa na nani aliachwa. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, tabibu Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, alimtambua mnyoo anayesababisha kichocho. Mwaka 1899, katika mji huohuo, daktari wa upasuaji Frank Cole Madden aliandika juu ya kichocho cha ukeni. Kwa hiyo, tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba mayai ya mnyoo huyu hayaishii kwenye kibofu. Hata hivyo, kwa miongo mingi elimu ya afya iliendelea kumchora mgonjwa mmoja tu: mvulana anayekojoa damu.

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, mwanamke huingia majini kwa sababu ya kazi. Huteka maji, hufua, huosha vyombo na huogesha watoto. Pale penye konokono wa kichocho, vimelea hupenya ngozi yake bila yeye kuhisi. Mayai yanaponasa katika shingo ya kizazi huleta vidonda, kutokwa na uchafu, damu isiyo ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi.

Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, na hapo ndipo dhuluma inapoanzia. Mwanamke hupewa antibayotiki, ambazo haziui mnyoo. Dalili zikirudi, huonekana kwamba "ameambukizwa tena", na swali linalofuata nyumbani si la kitabibu: ameambukizwa na nani? Ndoa inaweza kuvunjika kwa ugonjwa ulioletwa na ndoo ya maji.

Tanzania si ngeni katika utafiti wa jambo hili. Katika miaka ya 1990, Gabriele Poggensee, Hermann Feldmeier na wenzao walichunguza wanawake wilayani Mwanga, Kilimanjaro. Walikuta mayai katika shingo ya kizazi hata kwa baadhi ya wanawake ambao mkojo wao haukuonyesha yai lolote. Maana yake ni nzito: kipimo cha mkojo pekee hakitoshi kumwambia mwanamke kwamba yu mzima. Baadaye, mwaka 2006 nchini Zimbabwe na mwaka 2011 katika vijiji vya Mwanza, watafiti walieleza uhusiano kati ya kichocho cha wanawake na maambukizi ya VVU. Tafiti zilizofuata hazikutoa jibu moja, lakini swali lenyewe halikuwa dogo tena.

Ziwa Nyasa nalo lina funzo lake. Zamani fukwe zake za wazi zenye mchanga zilihesabiwa kuwa salama. Mwaka 2001 watafiti waliofanya kazi kusini mwa ziwa, upande wa Malawi, walithibitisha kwamba konokono Bulinus nyassanus, anayeishi katika maji hayo ya wazi, hueneza kichocho. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba hali ya Mbamba Bay ni ileile. Yanatukataza kudhani tu kwamba ufuko ni salama kabla ya kuupima.

Dawa ipo: prazikwanteli. Lakini kwa muda mrefu kampeni za ugawaji ziliwalenga hasa watoto wa shule. Msichana aliyeacha shule na mama anayefua ziwani hawakuwamo kwenye foleni hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa katika maeneo yenye maambukizi mengi dawa itolewe kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. UNAIDS ilikwishakadiria mwaka 2019 kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika, kusini mwa Sahara, wanaugua kichocho cha sehemu za uzazi.

Wilaya ya Nyasa ilizaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Watumishi wake wa afya wanaweza kuanza na hatua isiyohitaji mtambo wa gharama kubwa: mwanamke anapofika zahanati na dalili hizi, aulizwe pia anateka maji wapi na anafulia wapi. Wanaopima saratani ya shingo ya kizazi wafundishwe kutambua alama za kichocho, kwa kuwa kiungo wanachokitazama ni kilekile. Hatua hizo hazitamaliza kichocho ziwani, ila zitamwondolea mwanamke shutuma ya kosa ambalo hakulitenda.