Merikebu Iliyofichwa Chini ya Maji

Vita kubwa ya 1914 hadi 1918 iliwafundisha mabaharia kuogopa kilichomo chini ya maji. Tarehe 22 Septemba 1914 nyambizi moja ya Wadachi, jina lake U-9, ilizamisha manowari tatu za Waingereza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Watu zaidi ya 1,400 wakafa.

Huku kwetu hakuna bahari. Hata hivyo vita ileile ilikuwa na merikebu yake ya chini ya maji, katika Ziwa Tanganyika. Nayo haikuwa nyambizi. Ilizamishwa na wenyewe, ikalala kule miaka mingi, kisha ikaamka. Na watu wa Katanga walitoa jasho lao katika habari hiyo.

Vita ilipoanza, Wadachi ndio walioshika ziwa. Mwezi wa Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliipiga kwa mizinga meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, ikaharibika. Tena walikuwa wakingoja meli kubwa zaidi. Ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma. Mwezi wa Februari 1915 iliteremshwa majini. Urefu wake ulikuwa mita 70 na zaidi. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la mtawala wa zamani wa nchi ile.

Waingereza wakafanya shauri la ajabu: kuleta mashua mbili za mashini kutoka kwao mpaka ziwani, kwa njia ya Katanga. Mashua hizo, Mimi na Toutou, hazikupita mita 13 kwa urefu. Mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Mwezi wa Juni 1915 ziliondoka Uingereza, zikafika Cape Town, zikapakiwa katika gari la moshi hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, na kutoka huko hadi Fungurume.

Hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza. Siku zile reli ilikuwa haijafika Bukama. Ilifika mwaka 1918. Basi mashua zilipaswa kuvutwa katika pori na kuvuka milima ya Mitumba, mwendo wa kilomita zaidi ya 200, kufika Sankisia. Mashini za moshi zenye magurudumu zilivuta, na ng'ombe wakavuta. Lakini mashini haikati miti, wala ng'ombe hajengi daraja. Mamia ya watu wa nchi hii walifungua njia, wakajaza mashimo, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja. Maji yalipokuwa haba, wanawake waliyabeba vichwani ili mashini zipate kunywa. Mwisho wa Septemba mashua zilifika Sankisia. Zikaendelea mpaka Bukama, zikashuka mto Lualaba, zikikwama mara nyingi katika mchanga, hata Kabalo. Kutoka hapo reli ikazifikisha ziwani, karibu na mahali panapoitwa sasa Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ndogo Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Ikabaki Götzen. Lakini Spicer-Simson alipoiona ukubwa wake, hakutaka kupigana nayo.

Basi ni nani aliyeizamisha? Ni Wadachi wenyewe. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Wabeleji yalikuwa yanakaribia Kigoma kwa nchi kavu. Wadachi hawakutaka kuwaachia meli yao, lakini mafundi hawakupenda kuiua kabisa. Wakazipaka mashini zake mafuta mazito, kisha tarehe 26 Julai wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Siku mbili baadaye Kigoma ikatwaliwa.

Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Kumbe! Yale mafuta yalikuwa yamezilinda mashini zisiliwe na kutu. Ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Kwa miaka mingi ilichukua wachuuzi, samaki na wasafiri kati ya Kigoma na Mpulungu. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi wa Kongo katika nchi yao. Pale uliposimama mzinga, mama alikaa na mtoto wake.

Tazameni basi. Jina la Spicer-Simson limeandikwa katika vitabu. Hata mashua zake mbili zinajulikana kwa majina. Lakini yule mama aliyebeba maji porini, na yule kijana aliyekata mti wa daraja, majina yao hayajulikani. Vita haikuwa yao, wala ushindi haukuwa wao. Uchovu tu ndio uliokuwa wao. Msomaji, ukisafiri kutoka Likasi kwenda Fungurume na mbele yake, kumbuka kwamba njia ile ina mikono ya watu ndani yake. Na kama katika ukoo wako imebaki habari ya kazi ile, iandike kabla haijazama, maana habari iliyozama haina mafuta ya kuilinda.