Zico Alipokuja Awendo
Sisi tuliokulia Migori tulijua njia moja tu ya mpira: ucheze, mguu ukichoka urudi shambani. Zedekiah "Zico" Otieno alituonyesha nyingine. Aliichezea Gor Mahia, klabu yenye jina la yule mganga wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, Homa Bay. Baadaye akawa kocha wa Gor hiyo hiyo, akashika Harambee Stars kwa muda, kisha akaja Awendo kufundisha SoNy Sugar.

Na SoNy haikuwa timu ya mchezo, bana. Mwaka 2006 ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Timu ya kiwanda cha sukari, katikati ya mashamba ya miwa! Lakini hapo ndipo shida ilipokuwa: kiwanda kikikosa pesa, timu nayo inakosa. Mwaka 2019, Zico akiwa ashaondoka, SoNy ilishindwa kufika mechi tatu ikafukuzwa ligini. Kocha hupanga mabeki na washambuliaji. Nauli ya kwenda ugenini hupangwa na mtu mwingine, ofisini, na huyo hatukuwahi kumpigia makofi wala kumzomea.