Habari za Wimbo wa Ijumaa Kuu, Toka Leipzig Hata Uchagani

Habari za majengo ya makanisa yetu zimekwisha kuandikwa na wengi, na majina ya waliopanda mlima huu wayajua hata watoto wa darasa la ubatizo. Habari za nyimbo hazikuandikwa sana, labda kwa sababu wimbo hauna paa la kuezeka wala deni la kulipa. Basi sisi twataka kuufuata wimbo mmoja tu, ule wa Paul Gerhardt unaokitazama kichwa cha Bwana chini ya miiba, ambao huimbwa Ijumaa Kuu. Twaufuata huo kwa kuwa njia yake ni ndefu, na tena mwanzo wake si kanisani.

Mahadhi yake yalitungwa na Hans Leo Hassler, Mjerumani, yakapigwa chapa mwaka 1601. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya mtu aliyefadhaika moyo kwa ajili ya msichana. Ndiyo, walimu wenzetu, ulikuwa wimbo wa mapenzi. Kanisa likayachukua mahadhi, likayatilia maneno mengine. Hata mwaka 1656 yakapewa maneno ya Gerhardt, aliyoyatunga kwa kufuata shairi la kale la Kilatini.

Ndipo yakafika mikononi mwa Johann Sebastian Bach. Huyu alikuwa mwalimu wa nyimbo wa kanisa la Mtakatifu Thomas, mjini Leipzig, toka 1723 hata alipokufa 1750. Kazi yake kubwa ya Mateso ya Bwana kwa Mathayo, ambayo wataalamu husema iliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727, yataka kwaya mbili na makundi mawili ya wapiga vyombo, na hudumu karibu saa tatu. Ndani yake mahadhi ya Hassler huja mara tano. Mara ya mwisho ni hapo Bwana anapokata roho: vyombo vyote vyatulia, kisha wimbo ule waingia polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Aliyeusikia hapo hahitaji kuelezwa Kijerumani.

Leo watu hununua tikiti ili kuisikia kazi hiyo. Huketi kimya, na mwisho hupiga makofi. Wala si vibaya. Lakini siku zile ilikuwa ibada ya alasiri. Hotuba ilihubiriwa katikati, kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, na usharika uliimba tenzi zake kabla na baada. Baada ya Bach kufa kazi hiyo ikasahauliwa karibu na watu wote, hata Felix Mendelssohn alipoifufua Berlin mwaka 1829, nayo ikaimbwa ukumbini, si katika ibada. Hapo ndipo wasikilizaji walipotengwa na waimbaji, na desturi hiyo imetufikia hata sisi. Katika sharika zetu nyingi siku hizi kwaya husimama mbele na vipaza sauti, na washarika huketi wakitazama kama watu wa ukumbini. Twalisema hili kwa uchungu, maana sivyo wimbo ulivyotujia.

Shirika la misioni lililohamia Leipzig mwaka 1848 liliwaleta watu wake Machame mwaka 1893, wakajenga Nkarungo. Mamba wakafika 1894, na Kidia, Moshi ya Kale, 1896. Hawakuweza kuleta kwaya mbili za Bach. Walileta tenzi za usharika, zile zile ambazo Bach alizijengea kazi zake, wakazifundisha kwa mdomo.

Kuzitafsiri ilikuwa taabu. Kichagga ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, na wimbo ukipanda mahali neno linaposhuka, neno huharibika au hugeuka jingine. Johannes Raum aliyajua mambo ya lugha hiyo, maana ndiye aliyeandika sarufi ya Kimochi iliyotolewa mwaka 1909. Lakini kujua si kupata dawa. Kiswahili nacho hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mistari mingi ya Kijerumani hukomea juu ya silabi nzito; ndiyo maana toka utotoni twaimba Bwaná na Yesú, kana kwamba tu wageni katika lugha yetu.

Hata hivyo nyimbo zikashika. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, hata Bruno Gutmann wa Kidia, walimu na wazee wetu ndio walioziongoza ibada. Usharika unaojua tenzi zake kwa moyo waweza kukusanyika bila mgeni, hata bila kitabu.

Lakini mahadhi ya wazee wetu wenyewe yalikaa nje ya mlango siku nyingi. Wamisionari wengi, na walimu wetu pia, waliyaogopa kwa sababu ya ngoma na pombe. Wimbo wa mapenzi wa Hassler ulipata kusimama chini ya msalaba. Wimbo wa mavuno wa Mchagga, uliomshukuru Ruwa, haukupata hata kiti cha nyuma. Sisi hatuoni sababu iliyotosha.

Mlango ukafunguliwa zaidi miaka ya 1960, hapo Howard Olson, mwalimu wa chuo cha Makumira, alipokusanya mahadhi ya Tanzania kwa ajili ya ibada. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa akaandika maneno ya Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", juu ya mahadhi ya kwetu. Ulrich Leupold akayatia katika Kijerumani mwaka 1969, na sasa wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Baada ya Ijumaa Kuu ya Bach huja Pasaka, nao Wajerumani hukifungua kitabu chao hapo.