Bi Hafsa na Mali ya Wakf

Ramadhani ikikaribia, simu zetu hujaa michango: futari za wajane, sare za mayatima, kisima cha kijiji. Mara nyingi fedha hushikwa na mmoja wetu, kwa kuwa anaaminika. Kazi hii si ngeni kwa wanawake.

Baada ya vita vya Khaybar, mwaka 628, Sayyidna Umar alipata huko ardhi nzuri kuliko mali yoyote aliyowahi kuwa nayo. Alipomuuliza Mtume (SAW) aifanyie nini, alielekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka mazao yake. Basi ikawa wakf: haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Mavuno ni ya mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni.

Msimamizi hakutakiwa afanye kazi kwa njaa. Aliruhusiwa kula kwa wema na kumlisha rafiki, ila asijitajirishe. Mpaka wa haki yake ulijulikana tangu mwanzo.

Umar alikuwa na watoto wa kiume, lakini katika wasia wake alimtaja bintiye, Bi Hafsa, asimamie mali hiyo maisha yake yote. Ndiye pia aliyehifadhi kurasa za Qur'ani. Sayyidna Uthman aliziazima zinakiliwe, kisha akamrudishia. Amana ilikwenda kwa aliyejulikana kuitunza.

Hapa visiwani, bibi zetu nao waliweka wakf nyumba na mashamba yao. Mwaka 1905, wakati wa Waingereza, ilitungwa sheria ya mali za wakf, na leo tunayo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Lakini hakuna ofisa anayekaa kwenye mkoba wa mshika fedha wa kikundi chetu.

Kwa hiyo tuandike kila shilingi na nia ya aliyeitoa. Fedha ya kisima isinunue tende, hata kama kisima kimechelewa, mpaka wenyewe waulizwe. Nauli ya mshika fedha ikubaliwe mapema, isijikate yenyewe njiani. Na mfadhili akitaka picha ya yatima ameshika mfuko wenye jina la duka lake, tuwe na ujasiri wa kukataa. Sadaka ni haki ya yule mtoto. Uso wake si bei yake.