Ufunguo wa Mtaa wa Azusa

Leo tuzungumze kuhusu falsafa ya uongozi. Neno lenyewe linasikika la chuo kikuu, lakini maana yake ni ya kawaida: ni yale unayoyaamini kuhusu watu na mamlaka kiasi cha kuyatenda bila kufikiri. Kila mchungaji anayo, awe ameiandika au la. Itazame katika maisha ya mtu ambaye sisi Wapentekoste humtaja sana kwa sababu ya moto wake, na mara chache kwa uongozi wake: William Seymour.

Alizaliwa mwaka 1870 huko Centerville, Louisiana, Marekani, kwa wazazi waliotoka utumwani. Ndui ilimpofusha jicho moja. Alipotaka kusoma katika shule ya Biblia ya Charles Parham mjini Houston, ubaguzi wa rangi haukumruhusu kuketi darasani na wazungu. Alikaa kwenye korido, mlango ukaachwa wazi ili asikie. Mapema mwaka 1906 akaitwa Los Angeles kuhudumia kanisa dogo la utakaso. Akahubiri kutoka Matendo 2:4, na aliporudi akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kwa hiyo kabla hajajulikana popote, Seymour alikuwa ameonja mlango mara mbili, na mara zote akiwa upande wa nje.

Sasa angalia alichofanya alipopata mlango wake mwenyewe.

Maombi yalianzia nyumbani mwa watu, na tarehe 9 Aprili 1906 Roho akashuka, watu wakanena kwa lugha. Umati ulipozidi wakahamia nambari 312, mtaa wa Azusa, katika jengo lililowahi kuwa kanisa la Wamethodisti weusi na baadaye zizi la farasi. Mimbari ilikuwa makasha mawili ya mbao. Ibada ikiendelea, mara nyingi Seymour aliingiza kichwa ndani ya kasha la juu na kuomba. Sahani ya sadaka haikupitishwa. Chombo kiliwekwa karibu na mlango. Weusi, weupe na Wamexico walipiga magoti pamoja, katika miaka ambayo mtu mweusi Marekani angeweza kunyongwa na genge la watu bila kesi yoyote. Mmoja wa walioingia humo mwaka huo ni Robert McAlister wa Canada, baadaye miongoni mwa waanzilishi wa Pentecostal Assemblies of Canada, ambao kazi yao ilifika Nyang'ori. Kama wewe ni wa PAG, mlango ule umo katika ukoo wako.

Wako wanaosema Seymour hakuwa na mtindo wa uongozi, kwamba alimwachia Roho tu. Mimi sikubaliani nao. Mchungaji anayeficha kichwa kwenye kasha wakati kanisa limejaa ameshaamua ni nani anayepaswa kuonekana. Hata Parham alipokuja Oktoba 1906 na kukemea jinsi weusi na weupe walivyochanganyika, hakurudishiwa matusi. Alikataliwa tu, akaenda kufungua mikutano yake kwingine.

Lakini majeraha hayakuishia hapo. Mwaka 1908 gazeti lao, lililofikia maelfu ya wasomaji katika nchi nyingi, lilihamia Portland pamoja na mmoja wa wahariri wake, na Seymour akapoteza sauti yake nje ya mji. Mwaka 1911, akiwa safarini, William Durham wa Chicago alikuja Azusa na kufundisha kinyume cha fundisho lake la utakaso. Jengo likajaa tena. Seymour akarudi, na mara hii kufuli iliwekwa na watu wake mwenyewe, Durham akabaki nje. Wengi walimfuata Durham.

Mwaka 1915 Seymour alichapisha kitabu cha mafundisho na kanuni za kanisa lake. Tungeweza kusema hapo ndipo alipoandika falsafa yake, miaka tisa baada ya kuanza kuiishi. Ndani yake aliagiza kwamba vyeo vya juu vishikwe na watu weusi, ili kuzuia mafarakano. Aliwahimiza watu wake wawapende ndugu weupe, nao wazungu waliruhusiwa kuwa washirika. Siwezi kumhukumu, mimi sikukaa kwenye ile korido. Lakini najua mwaka 1906 asingeandika kipengele kile. Alifariki tarehe 28 Septemba 1922, akiwa amebaki na kundi dogo. Mkewe Jennie akaendelea kulichunga, na mwaka 1931 jengo likabomolewa.

Mtumishi, chukua katiba ya kanisa lako jioni hii. Isome polepole, na kila kipengele ukiulize: wewe uliandikwa kwa sababu ya nani? Utashangaa. Hiki kiliingia baada ya mweka hazina fulani, hiki baada ya yule mzee aliyeondoka na nusu ya kwaya, hiki baada ya mchungaji msaidizi aliyefungua kanisa lake hatua mia kutoka kwako. Vingine vibaki. Kama hundi zinahitaji sahihi tatu kwa sababu pesa ziliwahi kupotea, acha sahihi ziwe tatu. Jeraha pia hufundisha. Lakini vipo ambavyo ni kufuli tu, na mtu aliyekusudiwa kufungiwa nje alishahama mji. Wanaogonga sasa ni watoto wako wa kiroho ambao hawajakukosea lolote.

Anza na kile kinachosema ni nani anaweza kuhubiri ukiwa safarini, kisha kile cha nani atakurithi.