Kidakio, Bonde au Kingio?

Vijitabu wanavyogawiwa wakulima wa wilaya za Tarime na Serengeti, Tanzania, kuhusu kuiongoa ardhi iliyochakaa vimejaa neno kidakio, yaani eneo lote ambalo maji yake ya mvua huishia katika mto au kijito kimoja. Sekta ya maji imelizoea: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ina ngazi ya bonde, ngazi ya jumuiya za watumiaji maji, na kati yake hicho kinachoitwa kidakio. Kuzoeleka hakulifanyi liwe neno sahihi.

Kudaka ni kunyaka kitu kingali hewani. Golikipa hudaka mpira. Kidakatonge kimepata jina kwa sababu kinakaa pale tonge linapopita. Mteremko haudaki chochote. Mvua huuangukia, sehemu ikazama, sehemu ikatiririka. Tena umbo la ki- mwanzoni na -io mwishoni limetuzoesha vifaa: kichujio, kinyunyizio, kifungio. Mkulima wa Mugumu akiambiwa atunze kidakio atawaza pipa au lambo, ilhali anayeambiwa habari zake ni shamba lake mwenyewe, malisho ya jirani, njia ya ng'ombe na kilima kizima mpaka kileleni.

Wengine huliita eneo lote hilo bonde. Kwa Bonde la Ziwa Victoria, ambalo ni ngazi kubwa kabisa, sina ugomvi nao. Lakini Mto Mara, wenye urefu wa kilomita zipatazo 395 kutoka Mau nchini Kenya hadi ziwani karibu na Musoma, unalishwa na vijito vinavyoshuka milimani. Mtu wa nyanda za juu za Tarime ukimwita kwenye mkutano wa bonde, anajua kwamba bonde liko chini kule, kwa wengine. Na makorongo huanzia juu, kwake.

Lindimaji nalo ni neno zuri msituni, na misitu ya lindimaji iachwe na jina lake. Ila shamba lililochunwa hadi changarawe halilindi maji yoyote. Jina hilo linakufa palepale kazi ya uongoaji inapoanzia.

Mimi natetea kingio. Mvua inaponyesha hatudaki maji, tunayakinga: tunaweka ndoo chini ya mchirizi wa bati, au tunakinga viganja. Kukinga ni kupokea kinachoshuka. Kitenzi hichohicho kina maana ya kuzuia madhara, kama katika kinga ya ugonjwa. Maana zote mbili zinahitajika hapa, kwa kuwa kilima kinachopokea mvua vizuri ndicho kinachozuia mmomonyoko. Kiambishi -io kinataja mahali bila kulazimisha kifaa, kama katika kimbilio. Tena bwana shamba alishatutangulia: matuta yanayokatisha mteremko huyaita makinga maji, na hakuna mkulima anayehitaji kufafanuliwa.

Niliwahi kulipeleka neno hili mbele ya wanaokaa kuamua istilahi. Liliwekwa kando bila hoja hata moja, kwa maelezo kwamba kidakio kimeshachapishwa. Iwapo kuchapishwa ndiyo hoja, basi kamati ya istilahi haina kazi, na inaniuma kuona wasomi wa lugha wakiukubali utaratibu huo kwa jambo linalohusu chakula cha watu.

Kazi yenyewe ya uongoaji, jina lolote litakalotumika, inajulikana: wanakijiji huanzia juu kwa miti na majani, hushuka na makinga maji, huziba makorongo kwa mawe, na hupatana mifugo ipite wapi.

Kuhusu matumizi, kingio liko katika ngeli ya LI-YA: kingio limechakaa, makingio yameongolewa. Eneo linalolisha kijito liitwe kingio dogo. Hivyo tutakuwa na kingio dogo la Tigite upande wa Tarime na la Somoche upande wa Serengeti, yote mawili ndani ya kingio la Mara, na kamati zake ziitwe kamati za kingio.